Mkanda wa Ntibahaga

Mbwa wetu alipigwa mpaka akafa akiwa amevaa utepe wa ushindi shingoni. Alikuwa ameketi. Watu hawaniamini ninapofika hapo, kwa hiyo narudia: hakukimbia, hakuuma tena, hakulala chini. Aliketi wima kama alivyofundishwa, macho kwa Baba, huku vijana wakimpiga kwa mabomba ya hema, na ule utepe wa buluu ukawa mweusi.

Kilichonirudisha huko ni harufu. Baba alipofariki tulifungua karakana yake pale Cibitoke, mtaani kwetu Bujumbura, alipokuwa akichomelea mageti na vyuma vya madirisha, tugawane vifaa. Nyuma ya mtungi wa gesi nilikuta kopo la rangi lililofungwa kwa kifuniko. Ndani, chini ya vipande vya nyaya, palikuwa na mkanda wa kiti cha gari uliogeuzwa kuwa wa kumshikia mbwa, umekunjwa vizuri, wenye ndoano ya chuma upande mmoja na kitanzi cha kushikia upande wa pili. Niliuinua, na harufu ya mbwa aliyeloa ikanipanda puani baada ya miaka yote ile, imechanganyika na kutu na mafuta ya taa. Nililia. Kisha nikanyamaza na kuuangalia vizuri, kwa sababu ndiyo kazi niliyozoea, kuangalia vitu vizuri.

Mkanda ulikuwa mzima. Kitanzi kizima, ndoano nzima, mshono wa fundi viatu haujaachia hata uzi. Na nyumbani kwetu, tangu nilipokuwa darasa la tatu, siku ile ilisimuliwa kwa maneno mawili tu: mkanda ulikatika.

Mbwa huyo aliletwa na mjomba kutoka Bukavu, ndani ya katoni ya sabuni, akiwa bado ananuka maziwa. Alikuwa wa ile aina ya Kijerumani, yenye masikio yanayosimama na mgongo unaoteremka kuelekea mkiani. Jioni ya kwanza alimaliza uji wake, akamaliza uji wa paka, akatia kichwa kwenye sufuria ya Mama na kukwama humo. Baba alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwita Ntibahaga, jina la Kirundi lenye maana ya "hawashibi".

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Kwetu mbwa hapewi jina la bure. Mtu mwenye neno la kumwambia jirani, na hataki kumwambia usoni, humpa mbwa wake neno hilo liwe jina, kisha kila jioni humwita mbwa kwa sauti ya kuvuka ukuta. Mtaani kwetu kulikuwa na mbwa aliyeitwa Wivu Wao na mwingine aliyeitwa Waache Waseme, na kila mtu alijua ni wivu wa nani na wanaosema ni kina nani. Na jirani yetu wa upande wa kulia, Melki, dereva wa lori, alikuwa ametoka kujenga upya ukuta wake, na ukuta huo ulikuwa umeingia kwetu kwa upana wa mlango.

Mimi sikuunganisha mambo hayo mawili. Kwangu jina lilihusu sufuria.

Melki aliyaunganisha siku hiyohiyo. Namkumbuka, kichwa chake kikiwa juu ya ukuta, amesimama juu ya pipa la mafuta.

"Baba Neema! Nani haishibake?"

"Ni imbwa, Melki. Imbwa anakula sana."

"Imbwa! We unaniona mi mutoto?"

"Apana, nakuona uko juu ya ukuta wako. Ama ni wangu?"

Mama akamvuta Baba shati. Melki akashuka, nasi tukasikia pipa la mafuta likipigwa teke.

Siku nyingine mchana, Ntibahaga alikuwa amelala penye kivuli cha ukuta ule, na maji ya maharage yanayochemka yakamwagika kutoka juu. Sijapata kusikia sauti kama ile tena, hata kwa mtu. Alizunguka uani akijigonga kwenye mageti yaliyokuwa yakingoja rangi, na ngozi ya mgongo ikamtoka, ikaning'inia kama kitambaa. Baba alimlalia juu mpaka akatulia. Kidonda kilipopona palibaki baka la ngozi tupu lenye umbo la jani, ambalo manyoya hayakuota tena.

Baba hakwenda kugombana. Alimfundisha mbwa. Alifanya hivyo kwa Kifaransa, kwa kuwa mbwa wa aina ile mjini kwetu wote walisemeshwa Kifaransa, na kwa muda mrefu Ntibahaga alikielewa kuliko mimi. *Assis*, anaketi. *Lâche*, anaachia kilichomo kinywani, hata kama ni mfupa. Akiketishwa haruhusiwi kuinuka mpaka Baba aguse bega lake. Siku moja Baba alimketisha uani, mteja akaingia, wakaenda kupima geti huko Kamenge. Aliporudi, mvua imenyesha na kukatika, na mbwa bado ameketi pale pale kwenye dimbwi. Baba aligusa bega lake na kumwomba msamaha mbele yetu sote.

Mtu aliyemfanya Baba awe makini hivyo kwa mbwa alikuwa Mama Godeliva, mjane wa Kibenga, mtaa wa matajiri, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya mkuu wa shule, aliyefuga mbwa wa aina ile katika ua wenye nyasi zilizokatwa. Alikuja kwetu kuagiza geti, akamwona Ntibahaga, akasahau geti. Alimpapasa nyonga, akamtembeza, akamfungua kinywa.

"Huyu ametoka wapi?"

"Bukavu, Mama."

"Mungu asifiwe. Si ndugu ya wangu."

Alituelezea, na mimi nilisikiliza nikiwa nimeshika gilasi yake ya maji. Mbwa wa Bujumbura wa aina ile, alisema, walikuwa wamezaana wenyewe kwa wenyewe, kaka kwa dada, baba kwa binti, kwa sababu watu walitaka watoto wa mbwa wa kuuza upesi. Sasa wanazaliwa na nyonga mbovu. Wakifika umri wa kulinda nyumba, miguu ya nyuma inawaangusha, na wenye nyumba wanawapiga mawe hadi wafe maana hawana kazi tena. Wengine wanazaliwa na hasira isiyo na sababu na kuwararua watoto usoni. Yeye na wafugaji wenzake wachache walikuwa wamejiwekea sheria. Ndugu hawapandishwi. Jike hapandishwi kabla hajakomaa. Kila mtoto anachanjwa kabla ya kutoka kwa mama yake. Na sheria iliyokuwa kubwa kuliko zote: mbwa aliyeuma mtu bila kuamrishwa hazalishwi tena, wala watoto wake hawazalishwi. Wanahasiwa wote, ukoo unaishia hapo.

Baba akazikubali sheria hizo, akaingia kundini mwao, na Ntibahaga akapandishwa kwa jike bora la Mama Godeliva. Watoto walipozaliwa, Kibenga walisherehekea kama vile amezaliwa mjukuu. Ilibaki kumwonyesha baba yao mbele ya watu na kumpima tabia.

Mimi nilidhani maonyesho hayo ni mtihani kama wetu wa shule, na kwamba mbwa watakaoshindwa watachinjwa. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilikuwa nimesikia tu watu wazima wakisema "huyo akishindwa, basi". Kwa hiyo asubuhi ile, tukienda Kibenga nyuma ya pikapu ya mteja wa Baba, mimi nimemkumbatia Ntibahaga shingoni, nilikuwa nikimnong'oneza asishindwe. Mama alibaki nyumbani na mdogo wangu aliyekuwa mchanga.

Uwanja ulikuwa karibu na ziwa. Mahema yalikuwa yakimaliziwa kusimamishwa, viti vya plastiki vikishushwa kutoka kwenye lori, na juu ya lori, akiwaelekeza vijana wake, alikuwa Melki. Alikuwa ameajiriwa kuleta mahema. Baba alimwona. Melki akamwona Baba. Hawakusalimiana.

Mtihani ulikuwa hivi: mtu asiyemjua mbwa anamkaribia, anamshika masikio, anamfungua kinywa na kubonyeza fizi. Kisha mwavuli unafunguliwa ghafla mbele ya macho yake, na beseni la bati linaangushwa nyuma yake. Mbwa mmoja wa tajiri wa mjini alikojoa. Mwingine alimrukia mwenye mwavuli, akatolewa nje, nami nikafumba macho kwa kuwa nilingoja kisu. Ntibahaga aliutazama mwavuli kama mtu anayengoja mvua iishe. Mpimaji alipitisha mkono juu ya lile baka la mgongoni, akabonyeza, mbwa akamlamba kifundo cha mkono. Watu wakapiga makofi.

Akashinda. Mama Godeliva alimfunga utepe mwenyewe, kijana mwenye kamera akawapanga, Baba akapiga goti kando ya mbwa, picha ikapigwa. Baada ya hapo ndipo mtangazaji akalisoma jina kwenye kipaza sauti, taratibu, akilipenda: "Mshindi wetu... Ntibahaga!"

Uwanja mzima ukacheka, maana kila mtu anajua majina ya mbwa yanatoka wapi. Mtangazaji, aliposikia wanacheka, akarudia. "Ntibahaga! Jamani, huyu jirani yake ni nani?"

Vijana wa lori walikuwa wa mtaani kwetu. Mmoja akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti: "Patron, wanakuita mbele! Nenda uchukue kombe yako!" Wengine wakaanguka juu ya viti kwa kicheko. "Patron ameshiba leo!" "Apana, bado, anataka na uwanja!"

Nilimwona Melki akishuka kwenye lori. Alitembea bila haraka. Njiani aliokota kipande cha bomba la hema, akapita kati ya watu wanaocheka, na waliomwona usoni waliacha kucheka. Alifika mbele ya Baba.

"Umenileta mpaka hapa, mbele ya watu wa Kibenga."

"Melki, mi sijakuleta. Umekuja na viti."

Melki akampiga kofi. Akampiga tena kwa mkono ule wenye bomba, juu ya sikio, na damu ikaruka ikanipata kwenye gauni. Ilikuwa moto. Hicho ndicho nilichoshangaa, jinsi ilivyokuwa moto.

Sasa nisimulie nilichokiona, si nilichokielewa. Mkono wa kulia wa Baba ulikuwa umeshika mkanda. Niliuona mkono huo ukifunguka. Vidole vyote vitano vilinyooka, kiganja wazi kuelekea kwa Melki, na mkanda ukatoka. Nilichokielewa wakati ule ni kwamba Baba anampa Melki mkono. Nilidhani wanapatana. Nilifurahi, kwa muda mfupi huo.

Ntibahaga hakubweka. Aliruka akamshika Melki mkono wa bomba chini ya kiwiko, na nikasikia mfupa, mlio kama wa kuni mbichi. Melki akaanguka, mbwa akiwa juu yake. Baba akapiga kelele "*Lâche!*" na mbwa akaachia saa hiyohiyo. Baba akasema "*Assis!*" na mbwa akaketi. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alitaka watu waone kuwa si mbwa mwenye wazimu, kwamba ni mbwa anayesikia.

Lakini mtu alikuwa ameshasema "Kichaa! Iko na kichaa!" na kwetu neno hilo likisemwa kuhusu mbwa, halirudishwi. Vijana walikuja na mabomba. Wazee wenye suti walikuja na viti. Wanaume walimshika Baba mikono na shingo, wakidhani wanamwokoa. Alikuwa akipiga mateke na kulia, "Muacheni niguse bega! Muacheni niguse bega!" Hakuna aliyejua anasema nini. Mimi nilijua. Nilianza kukimbia kwenda kumgusa bega mimi, mwanamke mmoja akanidaka kiunoni na kunifunika uso kwa kitenge chake, na kwa hiyo mwisho niliusikia tu. Kwanza ulikuwa mlio mkavu. Kisha ukawa mlio wa maji.

Daktari wa mifugo alikata kichwa ili kipelekwe kuchunguzwa. Melki alichomwa sindano za kichaa cha mbwa, na mkono wake ukapona ukiwa umepinda. Kiwiliwili tulikizika Ruziba, katika shamba la rafiki wa Baba, kukiwa na inzi wengi.

Siku iliyofuata mchana Baba alichukua nyundo kubwa ya karakana, akaenda kwenye ukuta wa Melki na kuanza kuupiga. Mama alisimama mlangoni na mtoto kifuani akisema, "Baba Neema, inatosha. Watu wanaona." Aliupiga mpaka tofali zikaangukia upande wa pili, pakawa na tundu la kupita mbuzi. Upande ule alikuwa amesimama Melki, mkono wake kwenye bendeji. Mkono wa kulia wa Baba nao ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe kiganjani, na damu ilikuwa imekipita kwa nguvu za nyundo. Walitazamana kupitia tundu lile, mikono yao ikiwa imefungwa. Kisha Melki akageuka akaingia ndani. Tundu hakuliziba. Aliweka kipande cha bati.

Mama Godeliva alikuja juma lile. Hakukubali kiti.

"Baba Neema, wenzangu wanataka kujua jambo moja tu. Mbwa alijitoa mwenyewe ama ulimwachia?"

Baba alikuwa akiangalia sakafu.

"Fikiri kabla ya kujibu," akasema Mama Godeliva, na sauti yake ya mkuu wa shule ikawa ndogo. "Ukiniambia ulimwachia, basi alikutii. Alikuwa mbwa mzuri mpaka mwisho, na watoto wake wako safi. Wewe tutakutoa kwetu, na huyo jirani atakushitaki, hilo siwezi kulizuia. Lakini ukiniambia alijitoa, unajua sheria. Uliikubali mbele yangu."

"Mkanda ulikatika," akasema Baba.

"Uko wapi?"

"Nimetupa."

Mama Godeliva akautazama ule mkono wa Baba uliofungwa. Kisha akamtazama Mama, na mdogo wangu mgongoni, na mimi. "Sawa," akasema. "Umekatika."

Watoto wa Ntibahaga walipofikia umri wa kuhasiwa, Baba alikwenda Kibenga mwenyewe kuwashika. Alinichukua, sijui kwa nini. Walikuwa na masikio ambayo bado hayajaamua kusimama. Mmoja mmoja alimweka magotini, akamfunika macho, daktari akafanya kazi yake. Hakuna jike lililobakizwa wala dume. Mama Godeliva alikaa ndani muda wote. Miaka iliyofuata mbwa wa Kibenga walizidi kuanguka nyonga, na yeye akaacha kufuga, akapanda maua.

Baba hakufuga tena mbwa. Na mimi kwa miaka yote nilikuwa na mambo mawili kichwani yasiyokaa pamoja: mkanda uliokatika, na vidole vitano vinavyofunguka. Nikubali kwamba pigo la chuma juu ya sikio linaweza kumfungua mtu vidole bila yeye kutaka. Nikubali pia kwamba mbwa mwenye nguvu zile, akiruka, anaweza kuutoa mkanda kwenye mkono uliokaza, ila mkono huo hautabaki na ngozi.

Ndiyo maana, nilipoupata mkanda mzima ndani ya kopo, nilikwenda kwanza kwa Melki. Ni mzee sasa, anakaa kando ya lile bati. Nilimwonyesha. Aliushika kwa mkono wake uliopinda, akauvuta, akaurudisha.

"Mi nilikuwa naangalia meno, mutoto wangu," akasema. "Sikuangalia mukono ya baba yako."

Kisha nikamwuliza Mama kitu kimoja tu. Kile kitambaa cheupe kiganjani mwa Baba, alikifunga lini? Kama alikifunga baada ya Kibenga, basi mkanda ulimchuna kiganja ukimtoka, na Baba alidanganya kuhusu mkanda tu. Kama kilikuwepo tangu asubuhi, kwa moto wa kuchomelea, basi kiganja hakisemi lolote, na vinabaki vile vidole nilivyoviona, na watoto wale aliowashika magotini akijua.

Mama aliendelea kuchambua mchele. "Neema, mikono ya baba yako mi nilikuwa naifunga kila juma. Kila juma alikuwa anaungua. Unataka nikumbuke kitambaa?"

"Jaribu, Mama."

"Nimejaribu kabla yako."

Ipo ile picha ya uwanjani, iliyopigwa kabla ya kofi. Mama Godeliva aliituma baadaye ikiwa ndani ya bahasha isiyo na neno, nami nimeiweka mezani ninapoandika. Jua ni kali, utepe ni mpya, na baka la mgongoni linaonekana wazi kama jani. Baba amepiga goti, anatazama kamera, anakaribia kutabasamu. Mkono wake wa kushoto uko juu ya goti. Wa kulia umezama wote ndani ya manyoya ya shingo ya mbwa, mpaka kwenye kifundo.